Utambi, joto, ukungu au pampu? Ulinganisho kwa anayebuni kifaa cha kutolea manukato nyumbani

Mimina vijiko viwili vya mafuta ya ganda la chungwa kwenye sahani uiache mezani. Chumba kizima kitanukia bila betri, bila pampu na bila utambi. Kesho yake sahani itakuwa imebaki na utando unaonata, usio na harufu yoyote ya maana. Harufu hujitoa yenyewe, kwa hiyo anayekaa chini kubuni kifaa cha "kutoa" harufu ameanza na swali ambalo tayari lina jibu. Kazi ya kifaa ni kuizuia: itoke kidogo kidogo, itoke kwa uwiano uleule tangu siku ya kwanza hadi chupa ikauke, na ikome pale mwenye nyumba anapotaka ikome.

Kiasi, uwiano na kukoma ndivyo vipimo nitakavyovitumia hapa. Uzuri wa chupa na rangi ya taa nawaachia wauzaji.

Kwanza kimiminika, ndipo chupa

Manukato si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa molekuli nyepesi na nzito, na kila moja ina haraka yake ya kuruka. Katika nyuzi joto 25 za Selsiasi, limonini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya ganda la chungwa, ina shinikizo la mvuke (yaani msukumo wa kugeuka mvuke) la karibu paskali 200. Linaloli, inayopatikana kwa wingi kwenye lavenda, ina kama 20. Vanilini ina paskali 0.016 hivi. Zikiachwa wazi pamoja kwa viwango sawa, limonini itakuwa na msukumo wa kuondoka mara kumi ya linaloli na zaidi ya mara elfu kumi ya vanilini. Ndiyo maana chupa iliyonukia ndimu siku ya kwanza huishia na harufu tamu, nzito, isiyofanana hata kidogo na ile iliyomfanya mtu ainunue. Mnunuzi husema amepunjwa. Hakuna aliyempunja, ndimu ilishaondoka.

Hesabu ya pili ni ya chumba. Tuseme chumba kina ujazo wa mita za ujazo 30, hewa yake hubadilika mara moja kwa saa, na kifaa kinatoa miligramu 30 kwa saa. Gawanya 30 kwa (30 × 1): hewani patatulia kiwango cha miligramu 1 kwa kila mita ya ujazo. Fungua madirisha hewa ibadilike mara tano kwa saa, na kiwango kinashuka hadi 0.2. Kifaa ni kilekile, mafuta ni yaleyale. Kwa hiyo namba moja ya "nguvu" iliyoandikwa kwenye kasha haina maana bila kutaja chumba, na kifaa kisichoweza kupandishwa wala kushushwa kitakuwa kinakosea katika nyumba nyingi.

Tena pua huzoea. Ukikaa dakika chache kwenye harufu isiyobadilika, unaacha kuisikia ilhali mgeni anayeingia inampiga mlangoni. Mwenye nyumba asiyesikia kitu huongeza kiasi, na akizoea tena huongeza tena. Kifaa kinachotoa, kikapumzika, kikatoa tena, hutumia mafuta machache na bado huonekana kina nguvu zaidi. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye vipima muda.

Vijiti dhidi ya utambi wa umeme

Vijiti vinavyochomekwa kwenye chupa ya manukato na utambi wa umeme ni ndugu. Vyote vinafanya kazi kama taa ya mafuta: kimiminika hupanda kwenye vinyweleo (vijitundu vyembamba) vya utambi bila kusukumwa na mtu. Watu wengi hudhani ugumu uko kwenye kupanda. Sivyo. Kinyweleo chenye nusu kipenyo cha mikromita 20 kinaweza kuyapandisha mafuta ya manukato hadi sentimita 30 hivi, urefu unaotosha kijiti cha kawaida. Tatizo ni mwendo. Mwanakemia Mmarekani Edward Washburn alionyesha mwaka 1921 kwamba umbali ambao kimiminika kinapenya kwenye vinyweleo hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: kufika mara mbili ya umbali kunataka muda mara nne. Na kadiri kimiminika kinavyokuwa kizito, ndivyo kinavyochelewa. Dipropilini glikoli, ambayo wengi huitumia kupunguzia makali ya manukato kwa kuwa haina harufu na hairuki ovyo, ina mnato unaokaribia mara mia moja ya limonini. Mchanganyiko uliojazwa glikoli nyingi unaweza kukaa wiki nzima ukipanda kijiti huku mtu akidhani ameuziwa maji.

Chukua kijiti cha henzirani, ukate ncha yake kwa wembe, ukitazame kwenye mwanga. Utaona matundu madogo yaliyotapakaa kwenye duara lote, nayo yanaendelea moja kwa moja hadi ncha ya pili. Unaweza hata kupuliza hewa ikatokea upande wa pili. Fanya vivyo hivyo kwa mwanzi: kwenye kila pingili njia imezibwa. Vijiti vya mwanzi hupendeza machoni, lakini kama utambi havifai. Vile vya nyuzi za poliesta zilizobanwa ndivyo vyenye matokeo yanayotabirika zaidi, kwa sababu kiwanda hudhibiti ukubwa wa vinyweleo, jambo ambalo mmea haukuahidi mtu.

Ukivipima vijiti kwa vile vigezo vitatu, kiasi hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza idadi ya vijiti, basi. Uwiano ni mbovu, na sababu yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Kwenye kijiti, kinachobana ni hewa: kimiminika kimeshafika juu, kinasubiri kuruka. Vyepesi vinaruka, vizito vinabaki kwenye ncha, vinajilimbikiza pamoja na vumbi na kuziba njia. Kugeuza vijiti husaidia siku mbili tatu, kisha hali hurudi palepale. Kukoma hakupo kabisa. Na chupa iko wazi: mtoto, paka au kiwiko kikiigonga, mililita 100 za mafuta zimemwagika kwenye mbao.

Utambi wa umeme, ule wa kuchomeka kwenye soketi, unahamisha kizuizi kutoka hewani kwenda kwenye utambi, na hapo ndipo ujanja wote ulipo. Hita ndogo iliyouzunguka utambi hupasha ncha yake kiasi kwamba chochote kinachofika kinaondoka, kizito kwa chepesi. Kinachoamua mwendo sasa ni kasi ya utambi kuleta mafuta. Kama ncha haikusanyi mabaki, basi kinachotoka hewani kina uwiano uleule wa kilichomo chupani, kwa kuwa hakina pengine pa kwenda. Utambi wenye vinyweleo vidogo vya kutosha, na joto la kutosha: mbunifu akilipata hilo, siku ya mwisho ya chupa itanukia karibu sawa na siku ya kwanza. Akizidisha joto, molekuli nzito zinaungua na kugeuka gundi nyeusi juu ya utambi. Akipunguza sana, amerudi kwenye vijiti, ila sasa analipia umeme.

Umeme wenyewe si wa kutisha. Hita ya wati 2 ikiwaka mwezi mzima bila kuzimwa hutumia kilowati-saa 1.44. Chupa ya mililita 25 ikidumu siku 30 ni sawa na mililita 0.8 kwa siku, au karibu miligramu 30 kwa saa, ile namba niliyoitumia kwenye hesabu ya chumba. Chagua hita ya seramiki ambayo ukinzani wake hupanda inapopata joto, maana hujizuia yenyewe isipitilize hata chupa ikikauka. Hita ya waya wa kawaida itahitaji fyuzi ya joto, na fyuzi ni kitu cha kwanza ambacho mtengenezaji mwenye haraka hukiondoa.

Mambo mawili huwaponyoka wabunifu wa kifaa hiki. Soketi hazikai upande mmoja duniani kote: nyingine zimelala, nyingine ziko sakafuni, nyingine ni za waya wa kurefushia. Chupa ikilala, mafuta yanafuata utambi hadi kwenye chuma chenye umeme. Plagi lazima iweze kuzungushwa, au chupa iwe na kizuizi kinachoshika mafuta kwa kila mkao. La pili ni kwamba vifaa vya kufukuza mbu vya kuchomeka ukutani ni mashine ileile, utambi uleule, hita ileile, isipokuwa ndani mna dawa ya wadudu, transfluthrini au praletrini. Shingo ya chupa yako ikiingia kwenye kifaa cha mbu, na ya mbu ikaingia kwenye chako, siku moja zitabadilishwa. Ifanye shingo yako isiingiliane. Gharama yake ni kubadilisha umbo la kalibu mara moja.

Ukungu wa maji dhidi ya ukungu wa mafuta matupu

Kifaa cha altrasoniki ndicho kinachopigwa picha zaidi, kwa sababu ukungu wake unaonekana. Chini ya tangi la maji kuna kisahani cha seramiki kinachotetemeka kinapopewa umeme, tabia ambayo ndugu Pierre na Jacques Curie waliigundua upande wake wa kwanza mwaka 1880 walipobana fuwele zikatoa umeme. Vifaa vingi vya nyumbani hutetemesha maji mara milioni 1.7 au 2.4 kwa sekunde, na matone yanayoruka juu ya uso huwa ya mikromita 3 hivi, au madogo kidogo kuliko hapo. Maji lazima yawe na kina cha sentimita chache juu ya kisahani. Yakizidi, mtetemo hauna nguvu ya kufika juu. Yakiisha, kisahani hujiunguza haraka. Kifaa kisicho na swichi ya kuzima maji yanapopungua hakifai kuingia sokoni.

Mafuta peke yake hayafanyi ukungu mzuri hapo, ndiyo maana huwekwa matone matatu hadi matano kwa mililita 100 za maji. Kwa hiyo kifaa kinachotoa mililita 25 za maji kwa saa kinatoa manukato machache sana. Hilo ni jema kwa anayetaka harufu hafifu na ni baya kwa anayetarajia ukumbi mzima unukie. Kiasi: unaweza kukirekebisha vizuri. Uwiano: wa wastani, kwa kuwa mafuta huelea na matone ya mwanzo huondoka na sehemu kubwa. Kukoma: bora kabisa, unazima swichi na ukungu unakatika papo hapo.

Bei ya kukoma huko ni usafi. Maji yaliyolala huotesha vijidudu, na mtetemo hauviui. Unavirusha hewani pamoja na matone. Chumvichumvi zilizomo kwenye maji magumu nazo hurushwa, zikauka, zikatua kama unga mweupe juu ya meza na televisheni. Kuchemsha maji hakuziondoi zote. Maji yaliyokenekwa ndiyo dawa. Kama watumiaji wako si watu wa kuosha tangi kila baada ya siku moja au mbili, na wengi si wa hivyo, usiwauzie tangi kubwa. Tangi dogo linalomalizika kwa usiku mmoja linamlazimisha mtu kumwaga na kujaza upya, na hilo peke yake ni usafi.

Ipo aina nyingine ya altrasoniki isiyotumia tangi la kina: kisahani chembamba chenye matundu ya mikromita chache, kinachotetemeka polepole zaidi, mara laki moja na ushee kwa sekunde. Hutumia umeme kidogo kiasi cha kuendeshwa na betri, ila matundu yake huziba upesi kwa mafuta yanayonata.

Mshindani wake ni kipulizia cha mafuta matupu. Pampu ndogo ya hewa hupuliza juu ya mdomo wa bomba jembamba. Hewa inayokimbia ina shinikizo dogo, mafuta yanavutwa juu na kupasuliwa kuwa ukungu. Kanuni hiyo imebeba jina la Mwitaliano Giovanni Battista Venturi, na daktari Mmarekani Allen DeVilbiss aliitumia mwishoni mwa karne ya 19 kupulizia dawa kooni kabla haijahamia kwenye chupa za marashi. Hapa hamna maji, hamna joto, na mchanganyiko wote huondoka pamoja kwa sababu unarushwa kimwili, hausubiri kuvukiza. Kwa uwiano, sijaona kinachokishinda.

Hasara zake ni tatu na zote zinasikika au kuonekana. Pampu ina mngurumo, mdogo lakini wa kukera chumbani usiku. Mafuta huisha haraka: kikiwaka mfululizo kinaweza kula mililita moja au zaidi kwa saa, ambayo ni zaidi ya siku nzima ya utambi wa umeme. Kwa hiyo bila kipima muda, dakika mbili kuwaka na kumi kupumzika kwa mfano, kifaa hiki ni hasara tupu. Na matone makubwa yanayoponyoka huanguka karibu. Ukiona duara lililofifia kwenye vanishi ya meza, hapo ndipo kilipokuwa kimekaa. Kioo chenye mapindo ya kuyarudisha matone makubwa chupani si pambo, ni sehemu ya mashine. Mafuta mazito kama ya msandali yatakiziba; spiriti kidogo ikipita ndani hukisafisha.

Kati ya hivi viwili mimi huchagua kipulizia kwa sebule na altrasoniki kwa chumba cha kulala, ila si kwa chumba cha mtoto mchanga, ambapo sichagui chochote.

Kopo la gesi dhidi ya pampu ya kidole

Kopo la kupulizia lina historia ndefu kuliko linavyoonekana. Mhandisi wa Norwei Erik Rotheim ndiye anayetajwa kwa hataza zake za miaka ya 1920. Mwaka 1941 Lyle Goodhue na William Sullivan wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walilifanya silaha ya wanajeshi dhidi ya mbu. Na vali nafuu ya Robert Abplanalp mwishoni mwa miaka ya 1940 ndiyo iliyoliingiza majumbani. Kisha mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonya kwamba gesi za CFC, zilizokuwa zikisukuma kilichomo kwenye makopo, huharibu ozoni ya angani, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuzifungia mlango. Leo makopo mengi yana butani na propani. Tabaka la ozoni limepumua. Jikoni kumeongezeka gesi inayowaka.

Sifa ya kopo ni kwamba gesi iliyomo ni kimiminika kinachojigeuza mvuke kadiri nafasi inavyopatikana, kwa hiyo mpulizo wa kwanza na wa mwisho una nguvu karibu sawa. Ukitumia hewa iliyoshindiliwa badala yake, nguvu hupungua kila unapobonyeza, na pua ya kopo lazima ibuniwe kwa hali hiyo. Kopo likiwekewa vali ya kipimo na mota yenye gia inayolibonyeza kila baada ya dakika kadhaa, unapata kifaa kinachopumzisha pua ya mtu, na uwiano wake hauharibiki kwa sababu kopo limefungwa. Kwa choo kinachotumiwa na watu wengi, hiki ndicho ningekifikiria mwanzo. Kisiwekwe karibu na jiko wala mahali panapofika nyuzi 50, na kisiwe kwenye kimo cha uso wa mtu anayepita.

Pampu ya kidole haina gesi. Ina springi, vali mbili ndogo, mara nyingi za gololi, na bomba linaloshuka chini. Inatoa kipimo kilekile kila inapobonyezwa: ya marashi kama mililita 0.1, spreya ya mkono karibu 1, ya losheni kati ya 1 na 4. Kwa vigezo vyangu vitatu inapata alama za juu kote, kasoro moja: lazima awepo mtu wa kubonyeza. Kama unaanza na mtaji mdogo, anza hapa. Shingo za chupa zina vipimo vilivyozoeleka sokoni, kama 24/410 na 28/410, ambapo namba ya kwanza ni kipenyo kwa milimita na ya pili ni aina ya uzi. Ukibuni shingo yako ya pekee kwa ajili ya urembo, utafungwa kwa muuzaji mmoja wa pampu maisha yako yote. (Shingo ya pekee ina maana kwenye utambi wa umeme, kwa sababu za usalama nilizozitaja. Kwenye pampu haina.)

Jeli na vikopo vya kufungua kifuniko sitavizungumzia sana. Ni sahani ya mwanzo iliyofanywa nzito: nafuu, haimwagiki, na uwiano wake ni uleule mbovu.

Ukungu si wa kila kimiminika

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Tone la mikromita 100 likitoka kimo cha mita moja na nusu linafika sakafuni kwa sekunde tano au sita. La mikromita 10 huchukua kama dakika nane, na yaliyo chini ya hapo huelea na kuweza kuingia ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo ukibadilisha kifaa, umebadilisha pia mahali kimiminika kinapoishia mwilini.

Korea Kusini ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Dawa za kuua vijidudu zilizouzwa kwa ajili ya kuwekwa kwenye matangi ya vifaa vya unyevu, nyingine zikiwa na kemikali iitwayo PHMG, zilitumika majumbani kwa miaka mingi. Mwaka 2011 mamlaka ya afya ilizihusisha na majeraha ya mapafu yaliyoua watu, wakiwemo wajawazito na watoto. Kemikali za jamii hiyo hutumika kusafishia meza na sakafu bila madhara ya namna hiyo. Kilichoua ni ukungu.

Basi sabuni, dawa za kuua vijidudu na dawa za madoa ziende kwenye pampu ya losheni, pampu ya povu au spreya ya matone makubwa. Pampu ya povu huchanganya sehemu moja ya sabuni na takriban kumi za hewa, na inataka sabuni nyepesi. Ukiijaza ile nzito ya kawaida inakwama. Dawa yenye klorini hula springi ya chuma, na hutoa gesi polepole, kwa hiyo kifuniko kiwe na njia ya kupumua la sivyo chupa itavimba.

Kwa manukato yenyewe, kuna mambo mawili ya hewani ya kuyajua. Limonini ikikutana na ozoni hutoa formaldehaidi na chembe ndogondogo, hivyo usiunganishe harufu za jamii ya machungwa na mashine zinazotengeneza ozoni eti kusafisha hewa. Na paka: ini lake halina uwezo mzuri wa kuvunja kemikali nyingi za mafuta ya mimea, ya mti-chai yakiwa mabaya zaidi. Kifaa kinachodondosha mafuta kwenye manyoya yake kinamlisha sumu anapojilamba. Utambi ukivukiza bila kurusha matone una nafuu kidogo kuliko kipulizia.

Plastiki, mahali panapovunjika

Michoro mingi mizuri hufia hapa. Limonini huyeyusha polistaireni kiasi kwamba hutumika katika kuirejeleza. ABS na polikaboneti hazitayeyuka mbele yako. Zitapasuka nyufa nyembamba kwenye kona zilizobanwa, wiki kadhaa baada ya kifaa kufika kwa mteja. Polipropileni huvimba polepole, na polithini laini hupitisha harufu hadi kasha lote linukie. Kioo hakina shida. PET hustahimili vizuri kwa chupa. Kwa vizibo, mpira wa asili, EPDM na hata silikoni huvimba kwenye mafuta haya. Tumia fluoroelastoma au PTFE, ghali lakini ni pete ndogo tu.

Na moto: ethanoli huweza kushika moto kwenye nyuzi 13 hadi 17, limonini karibu 48. Mchanganyiko wenye spiriti nyingi usiuweke kwenye hita hata kidogo. Huo ni wa pampu au wa vijiti vilivyo mbali na mshumaa.

Sasa uchague

Kama kifaa kitakaa mahali padogo pasipo na umeme, na mnunuzi hataki kushughulika, chukua vijiti vya nyuzi, lakini manukato yake yawe yamechaguliwa molekuli zenye kasi zinazokaribiana, si ndimu juu ya vanila. Kama unataka harufu ileile mwezi mzima sebuleni, utambi wa umeme ndio wenye thamani kubwa zaidi kwa kila mililita. Kama mnunuzi wako anajali harufu kuliko bei na mafuta yake ni halisi, kipulizia chenye kipima muda. Altrasoniki ni ya anayetaka kutazama ukungu, na hakuna ubaya katika hilo mradi aoshe tangi. Kama kinachotoka si manukato, rudi kwenye pampu na usijisumbue na vingine.

Kabla ya kuagiza kalibu, fanya jaribio lisilohitaji maabara. Nunua mizani ya jikoni inayosoma hadi gramu 0.1. Pima kifaa kizima kila siku saa ileile, andika, mpaka chupa iishe. Usiishie wiki ya kwanza, kwani wiki ya kwanza kila kifaa ni kizuri. Utambi mzuri utashuka karibu mstari mnyoofu. Vijiti vitashuka kwa kasi kisha mstari utalala. Fanya hivyo chumba chenye baridi na chenye joto, na mwite mtu aliyetoka nje anuse, si wewe uliyeshinda humo. Mwisho laza kifaa ubavu juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, kikiwa kimejaa. Doa likionekana asubuhi, rekebisha shingo ya chupa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.